"Endelea tu, karatasi zitafuata": kazi inayofanywa baada ya tarehe ya mkataba kupita

Mwezi wa nane mwaka jana alikuja ofisini kwangu mkandarasi wa daraja la sita, kijana wa Igoma, amekumbatia faili la buluu. Alikuwa anajenga mtaro wa mawe na kalvati mbili kwenye mteremko wa mmojawapo wa milima yetu hapa Mwanza. Mkataba ulimpa miezi sita, na tarehe ya kukamilisha kazi ilikuwa Machi 31. Tulipokutana Agosti ilikuwa imefika katikati, na asubuhi hiyohiyo mafundi wake walikuwa wanamwaga zege. Nikamuuliza barua ya kuongezewa muda iko wapi. Akapekua faili hadi karatasi ya mwisho, akalifunga.

"Kaka, injinia aliniambia endelea tu, karatasi zitafuata."

Maneno hayo nimeyasikia Buswelu, Nyegezi, Sengerema, hata kwenye mialo ya Ukerewe. Mimi ni mkadiriaji majenzi. Kazi yangu ni kupima mawe, zege na nondo na kuvigeuza kuwa fedha, kwa hiyo watu hunijia pale hesabu inapogoma. Anayesema "karatasi zitafuata" mara nyingi hana nia mbaya. Anajua vuli iko njiani na mtaro ulioachwa nusu utasombwa. Mkandarasi naye anajua kwamba akiondoa mashine saiti na kuwaruhusu mafundi waende, kuwarudisha kutamla fedha ambazo hana. Wote wawili wanataka kazi iishe, na shida huzaliwa katika makubaliano hayohayo mazuri ya mdomo.

Kijana aliniuliza swali moja tu: "Kwa hiyo miezi hii mitano nimefanya kazi ya bure?"

Jibu ni hapana. Lakini hapana hiyo ina mafundo yake, na watu wengi huyafunga yote kuwa fundo moja.

Umepita muda, au umekwisha mkataba?

Hapa ndipo pa kuanzia, na ndipo wengi wanapokosea. Tunasema "mkataba umeisha" kwa mambo mawili yasiyofanana.

Ukimpa seremala wa Mabatini kazi ya kabati, akakuahidi Ijumaa, kisha Jumamosi ikafika kabati bado ni mbao, makubaliano yenu hayajafa. Amechelewa. Bado anadaiwa kabati, na wewe bado unadaiwa bei. Mkataba wa ujenzi uko hivyohivyo kwa sehemu kubwa: kinachoahidiwa ni kitu kilichokamilika, na tarehe ni ahadi ya lini kitakamilika. Tarehe ikipita, wajibu wa pande zote mbili unabaki hadi kazi ikabidhiwe, hadi kipindi cha matazamio (miezi ya kuangalia kama kazi ina kasoro) kimalizike, au hadi mmoja auvunje mkataba kwa utaratibu uliomo ndani yake.

Sasa chukua kampuni ya ulinzi iliyopewa mkataba wa mwaka mmoja kulinda ghala la samaki Kirumba, au mama anayepika chakula cha wafanyakazi kwa miezi sita, au mwenye malori aliyekodishwa kusomba kokoto kuanzia Januari hadi Juni. Hawa hawakuahidi kitu kitakachokamilika. Waliahidi huduma ndani ya muda, na siku ya mwisho ikipita mkataba umefika mwisho kwelikweli. Mlinzi akiendelea kukaa getini na mwenye ghala akaendelea kumwacha akae, wako kwenye makubaliano mengine ambayo hakuna aliyeyaandika.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza kitu kingine chochote, fungua mkataba wako utazame umeandikwaje: "tarehe ya kukamilisha kazi" au "muda wa mkataba". Ipo mikataba michache ya ujenzi inayoandika vyote viwili, na hiyo isomwe mara mbili.

Mtu wa mtaro

Kijana wa Igoma yuko kwenye kundi la seremala. Mkataba wake haukufa Machi 31. Ila tangu Aprili 1, kwa mujibu wa karatasi zilizomo kwenye faili lake, yeye ni mkandarasi aliyechelewa, na ucheleweshaji una bei.

Tuseme mkataba ni wa shilingi milioni 400, na umeandika fidia ya ucheleweshaji ya asilimia 0.1 kwa siku, ukomo asilimia 10. Hiyo ni shilingi 400,000 kila kunapokucha, Jumapili na sikukuu zikiwemo kama siku zinahesabiwa kwa kalenda. Ukomo ni milioni 40, nao unafikiwa siku ya mia moja. Ukianza kuhesabu Aprili 1, siku ya mia moja ni Julai 9. Yaani katikati ya Agosti, wakati yeye anamwaga zege kwa moyo mweupe, hesabu ya fidia ilikuwa imejaa zamani. Na mikataba mingi inasema ukomo huo ukifikiwa, mwenye mradi, ambaye kwenye karatasi zetu tunamwita mshitiri, anapata haki ya kuuvunja mkataba.

Lakini kwa nini alichelewa? Nilipomuuliza, mambo yalimwagika. Alikabidhiwa saiti wiki tano baada ya tarehe iliyoandikwa kwa sababu nguzo na mabomba yalikuwa hayajahamishwa. Mtaro ulikutana na jiwe. Mtu yeyote aliyewahi kuchimba msingi Mwanza anajua maana yake: unakwenda vizuri mita mbili, halafu jiwe lenye ukubwa wa nyumba linakungoja chini, na mchoro haukulijua. Cheti cha pili cha malipo kilikaa miezi mitatu. Kisha masika.

Karibu kila moja ya sababu hizo, kwa mikataba ya kawaida ya ujenzi, inampa mkandarasi haki ya kuongezewa muda. Kuchelewa kukabidhiwa saiti ni kosa la mshitiri. Mwamba usiotarajiwa una kifungu chake. Mvua inahitaji maelezo zaidi, kwa kuwa masika ni ya kila mwaka na mkandarasi anatakiwa kuiweka kwenye ratiba yake. Kinachokubalika ni hali ya hewa iliyovuka kawaida, kama mwaka 2020 Ziwa Victoria lilipofura na maji yakapanda kwenye mialo na mashamba ya pwani. Waliokuwa wanajenga magati na kuta za ufukweni mwaka ule walikuwa na hoja nzito, ila walihitaji kuisema mapema na kwa maandishi.

Haki ya kuongezewa muda haijitokezi yenyewe. Inaombwa, tena ndani ya siku zilizowekwa. Masharti ya FIDIC, shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri, katika kitabu chao chekundu cha 1999 yanampa mkandarasi siku 28 tangu ajue, au alipopaswa kujua, jambo lililomchelewesha. Asipotoa taarifa ndani ya siku hizo, hapati muda wala fedha. Mikataba ya Baraza la Taifa la Ujenzi na ile ya taasisi za umma ina siku zake, kwa hiyo soma ya kwako. Mkandarasi wa mradi wa ukubwa wa Daraja la J.P. Magufuli pale Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, huja saiti na watu wa mikataba ambao kazi yao ni kuhesabu siku hizo. Mkandarasi wa daraja la sita ana shemeji yake anayemwandikia barua usiku.

Ipo kanuni ya zamani ya sheria inayomsaidia: mtu hawezi kukuzuia kutimiza ahadi kisha akakutoza kwa kutoitimiza. Mkataba usio na njia yoyote ya kuongeza muda pale mshitiri anapomchelewesha mkandarasi hupoteza tarehe yake, na mkandarasi anabaki na wajibu wa kumaliza ndani ya muda unaofaa. Usiegemee sana hapo, ndugu yangu. Mikataba tunayosaini leo karibu yote ina kifungu cha kuongeza muda, na jaji atakuuliza kwa nini hukukitumia.

Upande wa pili nao una tahadhari yake. Kifungu cha 55 cha Sheria ya Mikataba kinasema kwamba pale muda ulipokuwa kiini cha makubaliano, anayekubali kupokea kazi nje ya muda hawezi baadaye kudai fidia ya kuchelewa, isipokuwa alitoa taarifa ya nia hiyo wakati anapokea. Mshitiri anayenyamaza miezi mitano, anapokea hatua kwa hatua, kisha anaibuka na fidia kwenye cheti cha mwisho, naye ana maswali ya kujibu.

Nani ana kalamu?

"Injinia, shikamoo. Ile barua yetu imefikia wapi?"

"Marahaba. Iko mezani kwa mkubwa. Wewe piga kazi."

Mazungumzo haya hufanyika saiti kila wiki, na ndani yake mna fundo jingine. Injinia anayekuja kukagua anaweza kuwa na mamlaka ya kukataa zege mbovu na kukuelekeza ubomoe. Hilo halimpi mamlaka ya kubadilisha tarehe wala bei. Mkataba umetaja ni nani anaamua muda: mara nyingi meneja wa mradi au mshauri elekezi, na mara nyingine hadi mshitiri mwenyewe akubali kwanza.

Kwa taasisi ya umma mnyororo ni mrefu zaidi. Chini ya sheria ya ununuzi wa umma, ambayo sasa ni ile ya mwaka 2023, mabadiliko ya mkataba yana mlolongo wake wa idhini unaopitia bodi ya zabuni na kufika kwa afisa masuuli, yaani mkuu wa taasisi anayewajibika kwa fedha zake. Mhandisi anayekwambia endelea anaweza kuwa anasema kweli tupu kuhusu kinachotarajiwa, lakini matarajio yake hayajawa uamuzi wa ofisi. Kisha kuna kalenda. Mwaka wa fedha wa serikali unafunga Juni 30. Kazi iliyotengewa fedha mwaka huu ikivuka Julai bila nyaraka, mhasibu hana pa kuishika hata kama anaiona kwa macho yake kila anapopita njiani. Na Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu akija, malipo yasiyo na mkataba hai nyuma yake ndiyo ya kwanza kuhojiwa. Afisa anayekataa kukulipa Septemba anaweza kuwa analinda kazi yake mwenyewe, wala si kwamba anakuchukia.

Vinavyokufa kimyakimya

Hiki ndicho kipande kinachoniumiza zaidi, kwa sababu karibu hakuna anayekifikiria.

Mkataba wa ujenzi unaweza kuishi kupita tarehe yake. Dhamana ya benki haiwezi. Dhamana ya utekelezaji, yaani ahadi ya benki kumlipa mshitiri mkandarasi akishindwa kazi, ina siku yake ya mwisho iliyoandikwa, na siku hiyo ikipita ni karatasi tupu. Bima ya kazi ni hivyohivyo. Kijana wangu alikuwa na bima iliyokwisha Aprili, na wakati huo alikuwa anachimba chini ya mawe yaliyosimama juu ya nyumba za watu. Jiwe moja lingeshuka Juni, kampuni ya bima ingetazama tarehe, na mwenye nyumba angemtazama yeye. Hata mkiandika baadaye kwamba nyongeza ya muda inahesabiwa tangu Aprili 1, makaratasi yenu hayamlazimishi mwenye bima kubeba ajali iliyokwishatokea.

Na mikataba mingi inaitaja dhamana iliyokwisha muda kuwa kosa la mkandarasi. Unafanya kazi uliyoombwa, kumbe huku nyuma unakusanya makosa.

Vibarua na mafundi nao wana hoja yao, nayo naipitia kwa kifupi. Kwa Kanuni za Ajira za mwaka 2007, Tangazo la Serikali Na. 42, kanuni ya 4, mkataba wa ajira wa muda maalumu huisha wenyewe muda ukifika, lakini unaweza kuhesabiwa umehuishwa iwapo mfanyakazi ameendelea kufanya kazi na mazingira yanaonyesha hivyo. Msimamizi wako wa saiti uliyempa mkataba wa miezi sita, naye sasa yuko mwezi wa kumi na moja, anaweza kukufikisha Tume ya Usuluhishi na Uamuzi akiwa na hoja nzuri.

Mlinzi wa ghala, na makaa ya mawe ya London

Turudi kwa wale ambao mkataba wao umekwisha kabisa.

Sheria yetu ya Mikataba, Sura ya 345, ilitungwa mwaka 1961 na ilifuata nyayo za sheria ya India ya mwaka 1872, ambayo ndiyo iliyokuwa ikitumika Tanganyika kabla yake. Kifungu cha 9 kinakubali kwamba ahadi inaweza kutolewa kwa maneno, na inaweza pia kueleweka kutokana na matendo. Saini ni ushahidi mzuri sana wa makubaliano. Kwa mikataba mingi ya watu binafsi, siyo makubaliano yenyewe.

Mfano unaofundishwa kwenye vyuo vya sheria ni wa Uingereza, mwaka 1877. Brogden alikuwa akiiuzia makaa ya mawe kampuni ya reli ya Metropolitan kwa miaka bila mkataba rasmi. Mwishowe wakaandaa rasimu. Brogden akajaza nafasi zilizoachwa wazi, akaitia saini, akairudisha. Ofisa wa reli akaiweka kwenye droo ya meza yake, na humo ikabaki. Makaa yakaendelea kuletwa na kulipwa kwa bei na masharti ya ile rasimu, hadi walipogombana na Brogden akasema hakuna mkataba. Mahakama ya juu kabisa ilikataa: pande zote mbili zilikuwa zimeishi ndani ya rasimu ile, na matendo yao yalitosha.

Ukiishia hapo utafurahi mno. Sogea hadi kesi iliyoripotiwa mwaka 1984, ya kampuni mbili, British Steel na Cleveland Bridge. Huyu wa pili alihitaji viungio vya chuma kwa jengo la benki Saudi Arabia, akaandika barua ya kuonyesha nia na kuomba kazi ianze mara moja wakati mkataba unaandaliwa. Kazi ikafanyika, viungio vikapelekwa, mkataba haukukamilika kamwe. British Steel walidai zaidi ya pauni 229,000. Wenzao wakageuza wakadai zaidi ya pauni 867,000 kwa kucheleweshwa. Jaji akasema hakuna mkataba, ila aliyeomba kazi lazima alipe kiasi kinachofaa kwa kazi aliyoipokea. Na kwa kuwa hakuna mkataba, dai la kuchelewa nalo halina pa kusimama. Mshitiri anayemwambia mkandarasi "endelea tu" ayasome haya taratibu, maana anaweza kuwa anatupa silaha zake mwenyewe: tarehe, ubora, fidia, dhamana.

Ya tatu ndiyo inayofanana zaidi na mambo yetu. Kampuni ya RTS walikuwa wanaitengenezea kampuni ya Müller mashine za kufungasha vikombe vya mtindi, chini ya barua ya muda iliyoongezwa mara kadhaa hadi Mei 2005 ikakoma. Kazi haikukoma. Rasimu ya mkataba mkubwa ilikuwapo, na ilisema haina nguvu hadi isainiwe. Haikusainiwa. Jaji wa kwanza alisema mkataba upo lakini bila masharti yale ya kina. Mahakama ya rufani ikasema hakuna mkataba. Mwaka 2010 Mahakama ya Juu ya Uingereza ikasema mkataba upo, na masharti yale yamo, kwa kuwa matendo yao yalionyesha wameacha lile sharti la saini. Mahakama tatu, majibu matatu, juu ya karatasi zilezile. Kesi hizi haziwafungi majaji wetu lakini husikilizwa. Ninachokiona ndani yake ni kwamba hata mwanasheria mzuri hawezi kukuambia leo kwa uhakika uko upande gani.

Kama mkataba unakataa kupatikana kabisa, kinabaki kifungu cha 70, nacho kila mkandarasi anapaswa kukijua. Kwa lugha yangu: mtu akimfanyia mwenzake jambo kihalali, bila nia ya kumpa bure, na mwenzake akanufaika nalo, huyo aliyenufaika anapaswa kulipa fidia au kukirudisha kitu. India wana kifungu kilekile chenye namba ileile, na kesi ya Mondal iliyoripotiwa mwaka 1962 inatufaa. Mkandarasi alijenga maghala na kazi nyingine kwa maelekezo ya maofisa wa serikali ya Bengal, bila mkataba katika umbo lililotakiwa kwa mikataba ya serikali. Serikali ikasema hakuna mkataba. Mahakama ya Juu ya India ikakubali kwamba mkataba haukuwa halali, kisha ikaamuru alipwe chini ya kifungu cha 70, kwa kuwa serikali ilikuwa na uhuru wa kuikataa kazi ile, nayo iliipokea na kuitumia.

Tazama lakini unacholipwa. Chini ya mkataba unalipwa bei mliyokubaliana, pamoja na riba ya kucheleweshewa kama imeandikwa. Chini ya kifungu cha 70 unalipwa thamani ya kile mwenzako alichopata, na ni wewe unayepaswa kuithibitisha: vipimo, risiti za saruji na nondo, karatasi za mahudhurio ya vibarua, picha. Mali bila daftari hupotea bila habari, na kwenye kifungu cha 70 daftari ndilo mkataba wako.

Kupitia mlango wa mahakama

Dai la mkataba lina miaka 6 kwa Sheria ya Ukomo. Inasikika mingi, lakini nimeona watu wakiimaliza kwa kufuatilia tu. Ukiidai serikali, na tangu mabadiliko ya mwaka 2020 hata halmashauri, unatoa kwanza taarifa ya kusudio la kushtaki ya siku 90, shauri linafunguliwa Mahakama Kuu, na Mwanasheria Mkuu wa Serikali anaunganishwa. Kama mkataba una kifungu cha usuluhishi, huanzia huko. Hati ya makubaliano isiyolipiwa ushuru wa stempu itakwama mlangoni hadi ilipiwe, na watu hugundua hilo siku ya kesi. Ujumbe wa WhatsApp na barua pepe hupokelewa kama ushahidi tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, mradi uonyeshe umetoka wapi na haujachezewa. Usifute simu hiyo, wala usiiuze Makoroboi ukapate mpya.

Na lipo jambo ambalo watu hunong'onezana, nami nataka kulisema kwa sauti: kuandika leo barua yenye tarehe ya Machi. Usifanye, na ukiombwa ufanye, kataa kwa heshima. Hiyo ni hati ya uongo, na kitabu cha usajili wa barua kitakuumbua. Njia halali ipo na ni rahisi: nyongeza ya mkataba inabeba tarehe ya siku inaposainiwa, na ndani yake inaandikwa kwamba pande zote zinakubali ihesabiwe tangu Aprili 1. Saini ya kweli, nguvu ya kurudi nyuma kwa makubaliano ya wazi. Mwanya wa bima na dhamana ndio usiozibika hivyo.

Tulichofanya siku ile

Sikumwambia kijana asimamishe kazi. Watu wa sheria hupenda kushauri hivyo, na kuna nyakati ndiyo sawa, hasa kama mshitiri haonekani na fedha zimekauka. Lakini mkandarasi wa ujenzi anayeondoka saiti bila haki ya mkataba ndiye anayekuwa mvunjaji. Mtu wa huduma, yule wa ghala, yuko huru zaidi: mkataba wake umekwisha na hadaiwi siku hata moja.

Tulikaa hadi saa mbili usiku. Tukaanza na orodha ya sababu za kuchelewa, kila moja na tarehe yake, na kando yake ushahidi: muhtasari wa kikao cha saiti ulioandika kwamba nguzo hazijahamishwa, picha za jiwe zenye tarehe, hati ya madai iliyogongwa mhuri wa mapokezi. Baadhi ya sababu zilikuwa zimepitwa na siku za taarifa. Tuliziandika hivyohivyo, tukieleza kwamba meneja wa mradi alikuwa anazijua tangu mwanzo na mihutasari yake inasema hivyo. Hoja ni dhaifu kidogo, lakini ipo.

Kisha barua yenyewe, iliyoelekezwa kwa yule aliyetajwa kwenye mkataba kuwa na mamlaka, nakala kwa injinia. Mwili wake ulikuwa mfupi: "Rejea maelekezo uliyotupa kwa mdomo saiti ya kuendelea na kazi baada ya Machi 31. Tumeendelea kwa kuzingatia maelekezo hayo, kwa bei na masharti ya mkataba, na hatufanyi kazi hii kwa kujitolea. Tunaomba nyongeza ya muda kama ilivyochanganuliwa kwenye kiambatisho. Kama hukubaliani kwamba tuendelee, tafadhali tujulishe kwa maandishi ndani ya siku saba." Kila sentensi pale ina kazi. Ya kwanza inayageuza maneno ya mdomo kuwa kumbukumbu. Ya pili inafunga mlango wa kusema ulikuwa msaada, na inashikilia bei. Ya mwisho inampa mshitiri nafasi ya kukataa, ili akinyamaza ukimya wake uwe na maana.

Kesho yake aliipeleka mwenyewe na kitabu cha kupokelea barua, masijala wakagonga mhuri kwenye nakala yake. Akatoka pale akaenda benki, kisha kwa wakala wa bima, na wiki hiyo akaitana na injinia kupima pamoja mita zote zilizojengwa tangu Aprili na kuweka saini kwenye karatasi moja ya vipimo.

Jibu lilikuja siku ya tisa. Lilisema maombi yake yamepokelewa, yamepelekwa kwenye bodi ya zabuni, na kwamba wakati yanasubiri uamuzi anaelekezwa kuendelea na kazi chini ya masharti ya mkataba uliopo. Chini kulikuwa na saini, jina, cheo na mhuri. Alinipigia simu akanisomea mara mbili, nami nikamwambia atoe nakala tatu, moja aniletee.